Mazungumzo ya Jamaa: Macho ya Simu



Baba mmoja wa Mangobo alitujia juzi na fedha aliyoiweka akiba kwa muda mrefu. Ataka simu ya kumpigia picha mama yake, ambaye ni mzee sana, naye hana picha yake hata moja. Mwuzaji mmoja amwonyesha simu ya nukta milioni 50, mwingine ya milioni 108, na mwanawe amwambia kwamba nyingi ndizo bora. Je, ni kweli?

Ni kweli kidogo sana, baba yetu. Picha ya karatasi ya sentimeta 10 kwa 15, hata ikichapwa vizuri kabisa, yatosheka kwa nukta milioni 2 hivi. Tena simu nyingi za milioni 50 huunganisha nukta nne nne kuwa moja, zikatoa picha ya milioni 12 na kitu. Lililo kubwa ni upana wa kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya simu. Mgono wa Wagenia wetu huvua kwa mdomo wake mpana, wala si kwa wingi wa matundu yake. Basi tazameni pia herufi f iliyoandikwa katika karatasi ya simu: f/1.8 hupitisha mwanga mwingi kuliko f/2.4. Na macho yale matatu au manne ya mgongoni msiyahesabu. Katika simu za bei ndogo mara nyingi moja tu ndilo lifanyalo kazi, mengine ni karibu na mapambo.

Lakini lipo jambo zito zaidi, nalo ni ngozi. Zamani za filamu, wasafishaji wa picha walilinganisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley. Kwa hiyo mtu mweusi alipopigwa picha pamoja na mweupe, aliweza kutoka kama kivuli chenye macho na meno. Kosa lilikuwa la kipimo, si la ngozi yetu. Mwaka 2021 Google walileta Real Tone katika simu ya Pixel 6, na mwaka 2023 Tecno wakaleta Universal Tone, ili sura nyeusi zionekane jinsi zilivyo. Twaisifu nia hiyo. Hata hivyo tangazo si ushahidi.

Kwa hiyo, baba, usiende dukani peke yako. Mwache mwuzaji na picha zake za maua. Kwanza zima ile kazi ya urembo, ambayo hung'arisha ngozi bila kuulizwa. Kisha msimamishe mwenzio mlangoni, jua likiwa nyuma yake, umpige, mpige tena ndani, penye giza kidogo, tena akitembea. Ikuze picha. Je, makunjo ya paji yaonekana, na mvi moja moja? Au uso umekuwa laini kama kipande cha sabuni? Nawe usihukumu kwa kioo cha simu hiyo, kwani kioo kizuri huremba picha mbaya. Zitazameni picha za simu zote mbili juu ya kioo kimoja.

Sisi wenyewe tulikosea penginepo. Bibi yetu alipofariki, picha yake iliyobaki ilikuwa imetumwa kwa WhatsApp, ikahifadhiwa, ikatumwa tena, na kila mara ilipunguzwa. Tulipoichapa kwa ajili ya matanga, uso ulikuwa viraka viraka, na wajukuu wakauliza ni nani. Picha ya thamani itumeni kama hati, na ile ya asili msiifute.

Nawe baba wa Mangobo, simu yaweza kungoja. Kesho asubuhi mkalishe mama yako karibu na mlango, mwanga umwangukie ubavuni, pangusa lenzi kwa kitambaa safi, umpige picha kwa simu ile ile uliyo nayo.