Kuchagua Kipokezi cha GPS: Njia au Mahali?

Miongoni mwa ala za sayansi zilizotoka majeshini na maabarani zikaingia mikononi mwa watu wa kawaida, kipokezi cha GPS kina nafasi ya pekee. Dereva hukitumia kumwongoza katika mji asioujua; mpanda milima hukitumia kurudi kambini; na tangu mwaka 2000 watu wa nchi nyingi hukitumia katika mchezo wa kusaka vikasha vilivyofichwa, mchezo uitwao jiokashi. Kwa kuwa fedha ni haba na matumizi ni mengi, swali huzuka upesi, kwa mtu binafsi na kwa shule vilevile: je, chaweza kupatikana chombo kimoja kifaacho garini na porini pia? Na kama chaweza, kichaguliwe kipi?

Wahenga walionya kwamba mshika mawili moja humponyoka. Watengenezaji nao waliigawa bidhaa yao mafungu mawili. Kipo chombo cha gari, chenye kioo kipana, ramani ya barabara na sauti inayomwelekeza dereva ageuke wapi. Kipo pia chombo cha mkononi, kidogo na kigumu, kinachostahimili mvua na kuonyesha namba za latitudo na longitudo. Hata hivyo, kazi hizi mbili hazilingani uzito, maana moja imo ndani ya nyingine. Chombo kinachomwambia mtu mahali alipo chaweza kumsaidia kufika aendako; bali chombo kinachomwambia tu ageuke wapi hakimfundishi mahali alipo. Kwa sababu hiyo, anayetaka chombo kimoja kwa kazi zote mbili yafaa aanze na kile cha mkononi.

Mambo mawili katika kasha moja

Ili hoja hii ieleweke, hapana budi kutenganisha mambo mawili yanayokaa ndani ya kasha moja. La kwanza ni mahali. Setilaiti za GPS, ambazo kwa kawaida hazipungui 24, huizunguka dunia mara mbili kwa siku katika kimo cha kilometa 20,200 hivi. Kila setilaiti hubeba saa ya atomu, na hutangaza bila kukoma wakati wake na mahali ilipo angani. Mawimbi yake husafiri takriban kilometa 300,000 kwa sekunde. Kipokezi hupima muda ambao mawimbi hayo yametumia njiani, kisha hukokotoa umbali. Setilaiti nne zahitajika: tatu hazitoshi, kwa kuwa pamoja na latitudo, longitudo na kimo, kipokezi hulazimika kutafuta pia kosa la saa yake yenyewe, ambayo si ya atomu. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huleta kosa la meta 300 katika umbali.

Jambo la pili ni njia. Setilaiti haijui barabara, wala daraja, wala mto uliofurika. Njia hutokana na ramani iliyochorwa na watu na kuwekwa katika kumbukumbu ya chombo. Ramani hiyo yaweza kuwa ya zamani, au pungufu, au yaweza kuiita barabara njia ambayo gari haliwezi kupita wakati wa masika. Kwa ufupi, mahali ni tunda la fizikia na hesabu; njia ni habari, na habari huwa njema au mbovu kama aliyeileta.

Chombo cha gari huyachanganya mambo haya mawili kwa makusudi. Kipimo kikionyesha kwamba gari liko meta kumi kando ya barabara, chombo hudhani kwamba kipimo ndicho kilichokosea, nacho huusogeza mshale hadi katikati ya barabara iliyo karibu. Kwa dereva, huo ni msaada. Kwa mtu aliyeshuka garini na kuingia kichakani, huo ni upotoshaji, kwa sababu mshale humweka mahali ambapo hayupo.

Mchanganyiko huo waweza kuwa na gharama kubwa. Mwezi Machi 2011 wanandoa wawili kutoka Kanada, wakisafiri kwa gari kwenda Las Vegas, waliiacha barabara kuu wakafuata njia iliyopendekezwa na chombo chao, wakakwama katika milima ya kaskazini mwa Nevada, Marekani. Mume alitoka kwa miguu kutafuta msaada, naye hakurudi. Mabaki yake yalipatikana mwaka 2012. Mke alikutwa hai baada ya wiki saba. Msiba huo haukuhitaji setilaiti kukosea. Kilichokosekana ni habari kwamba njia ile haikufaa kupitwa katika majira yale, na habari hiyo haiko angani.

Mchezo unaodai usahihi

Jiokashi ilizaliwa na uamuzi wa serikali. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi yaliyotolewa kwa raia, hata kipokezi cha kawaida kikaweza kukosea kwa meta 100. Mwanzoni mwa Mei mwaka huo Rais Clinton aliamuru uvurugaji huo ukomeshwe. Muda mfupi tu baadaye, tarehe 3 Mei 2000, Dave Ulmer alificha ndoo yenye vitu vidogo na daftari katika msitu wa jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali pale, na kuwaalika watu waitafute. Kabla ya siku nyingi kupita ndoo ilikuwa imeonekana. Leo vikasha vya namna hiyo ni zaidi ya milioni 3 duniani, na Afrika ya Mashariki pia vimo. Msakaji akikipata kikasha huandika jina lake daftarini. Akichukua kitu, huacha kingine.

Ubora wa mchezo huu kwa mwanafunzi ni kwamba hauna njia ya mkato. Dakika moja ya latitudo ni takriban meta 1,852. Namba za vikasha huandikwa hadi sehemu ya elfu ya dakika, yaani chini kidogo ya meta 2 ardhini. Kipokezi cha kawaida, mahali penye anga wazi, hukosea kwa meta 3 hadi 10. Chini ya miti mikubwa au kando ya jabali kosa huongezeka, kwa kuwa mawimbi hudhoofika au hugonga mwamba kabla ya kufika. Kwa hiyo chombo humfikisha msakaji jirani tu. Meta za mwisho ni zake mwenyewe, kwa macho na akili.

Vya kupima kabla ya kununua

Mnunuzi asivutwe na ukubwa wa kioo. Jambo la kwanza la kuuliza ni kama chombo kinaruhusu namba za mahali kuingizwa na kusomwa kwa urahisi, tena kwa mitindo mbalimbali. Mathalani, dakika 30.500 si dakika 30 na sekunde 50. Nusu ya dakika ni sekunde 30. Anayechanganya mitindo hiyo amekosea kwa sekunde 20, nazo katika latitudo ni zaidi ya meta 600. Viko vyombo vya gari vinavyozificha namba hizi ndani kabisa ya orodha zake, kana kwamba ni siri.

La pili ni msingi wa ramani. GPS hutumia msingi uitwao WGS 84, ilhali ramani nyingi za topografia za Kenya na Tanzania za kipimo cha 1:50,000, zile zinazotumika katika masomo ya jiografia, zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960. Nukta ileile ya ardhi hupata namba tofauti katika misingi hiyo miwili, na tofauti yake hukaribia meta 300. Kipokezi cha mkononi kwa kawaida humruhusu mtumiaji kuchagua msingi. Kisichoruhusu hakifai kuwekwa mezani pamoja na ramani ya shule.

La tatu ni nguvu. Vyombo vya gari hutegemea umeme wa gari, na betri yake ya ndani hudumu saa chache tu. Vipokezi vingi vya mkononi hutumia betri za AA zinazouzwa hata katika duka la kijijini. Baadhi hufanya kazi kwa kiasi cha saa 20 kwa betri mbili.

La nne ni uimara. Alama ya IPX7 maana yake ni kwamba chombo chaweza kuzama katika maji ya kina cha meta 1 kwa dakika 30 bila kuharibika.

La tano ni dira. Vipokezi vya bei nafuu visivyo na dira ya ndani hutambua mwelekeo wakati mtu anapotembea tu. Akisimama, mshale hauaminiki tena. Aliye nacho cha namna hiyo abebe na dira ya kawaida.

La sita, kwa ajili ya safari za gari, ni uwezo wa kupokea ramani. Vipokezi vya mkononi vyenye uwezo huo huweza kupangia safari ya barabarani, na ramani za bure zitokanazo na OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa mwaka 2004, zaweza kupakiwa katika vingi vyavyo.

Hoja za upande wa pili

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni usalama: dereva anayekodolea macho kioo kidogo ni hatari kwake na kwa wenzake, na sauti ya chombo cha gari humwepusha na hatari hiyo. Pingamizi hili ni la kweli. Dawa yake ni kwamba asome aliyeketi kando ya dereva, au gari lisimamishwe kwanza. Aendeshaye peke yake kila siku katika jiji kubwa, naye aingia porini mara moja kwa mwaka, ana sababu njema ya kuchagua chombo cha gari.

La pili ni kwamba vilikuwapo vyombo vilivyoundwa kwa kazi zote mbili. Garmin, kwa mfano, ilitoa mwaka 2008 chombo kiitwacho nüvi 500, kilichostahimili maji na kuwa na namna za gari, baiskeli, miguu na mashua. Wazo lilikuwa zuri, na aliye nacho hana haja ya kukitupa. Lakini chombo cha namna hiyo nacho kipimwe kwa maswali yaleyale sita.

La tatu, lililo zito kuliko yote, ni simu ya mkononi. Simu nyingi za kisasa zina kipokezi cha GPS ndani yake, na kinyume cha wanavyodhani wengi, kipokezi hicho chaweza kufanya kazi hata pasipo na mtandao. Kinachohitaji mtandao ni ramani isiyopakuliwa mapema. Mwenye simu na programu inayoonyesha latitudo na longitudo anaweza kusaka vikasha bila kununua kitu kingine. Lakini betri ya simu huisha upesi, mvua na mawe ni adui zake, na simu iliyozimika porini humnyima mtu ramani na sauti ya kuomba msaada kwa wakati mmoja. Kwa shule iko sababu nyingine: shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu, ilhali kipokezi ni ala ya maabara kama mizani au hadubini.

Atakayechora ramani

Jambo lililo hatarini hapa ni kubwa kuliko mchezo au safari. Hadi mwaka 2009 Kibera, mtaa wenye watu wengi jijini Nairobi, ilikuwa kama pengo tupu katika ramani zilizo wazi kwa umma. Mwaka huo vijana wa mtaa huo, katika mradi wa Map Kibera, walitembea vichochoroni wakiwa na vipokezi vya mkononi, wakanukuu mahali palipo na visima, vyoo, zahanati na shule. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria ulifanya kazi ya jinsi hiyo Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wananchi walichora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko. Kazi hizo zisingeweza kufanywa kwa chombo kisemacho tu ‘geuka kushoto’, kwa kuwa chombo cha namna hiyo huhitaji ramani iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine.

Mwalimu aliyepata kipokezi kimoja anaweza kuanza kesho. Wanafunzi wakiweke kwenye pembe moja ya uwanja, wasome namba kila baada ya dakika kumi kwa muda wa saa mbili, kisha wachore nukta zote katika karatasi ya grafu. Wataona nukta zimetawanyika, na watajifunza maana ya kosa la kipimo bora kuliko kwa maelezo ya ubaoni. Kisha wafiche kikasha, wakokotoe wastani wa namba zake, na darasa jingine likitafute. Baada ya hapo waipate nukta hiyohiyo katika ramani ya 1:50,000, kwanza kwa msingi usio wake, halafu kwa msingi ulio sahihi. Zile meta 300 zitajieleza zenyewe.

Basi anayenunua chombo kimoja kwa kazi mbili na achague kile kinachomwonyesha mahali alipo. Barabarani kitamsumbua kidogo kwa udogo wa kioo chake. Lakini siku ambayo ramani itakuwa imekosea, yeye atajua amesimama wapi.