Watoto waliotoka msituni wafundishwe pia kushinda hofu
Mtoto akitoka katika kundi lenye silaha huko Masisi au Walikale, mara nyingi hufundishwa ushonaji au useremala. Ni vizuri, lakini cherehani haiondoi hofu. Mjini Goma, mwaka 2014, UNICEF na washirika wake walianza kuwafundisha watoto kama hao kapoera, mchezo wa mapigano kutoka Brazili unaochezwa kwa ngoma na nyimbo. Kusimama kwa mikono, kichwa chini, mbele ya mwenzako si jambo dogo kwa aliyezoea kulinda mgongo wake. Tena mwenzake huyo huenda alikuwa katika kundi la adui. Lakini mtoto wa Nyabiondo au Pinga hafiki Goma kwa urahisi. Mchezo wenyewe unahitaji uwanja, ngoma na mwalimu. Wenye miradi wampeleke mwalimu huko, hata barabara ikiwa tope tupu.