Ngumi za Oakland na deni la Finley

Najua nimepotea. Gazeti linakula muda wangu wote, na nikirudi nyumbani umeme nao una mambo yake. Leo nimepata nafasi, na naomba tuiache kandanda kidogo twende Marekani kwenye besiboli. Nasikia mtu anaguna, "Ule mchezo wa marungu?" Ndio huo huo.

Kwa wasioujua, nisiwachoshe: mrushaji anatupa kijipira, mpigaji anajaribu kukitwanga kwa rungu, akiweza anatimua mbio kuzunguka vituo, na akirudi pale alipoanzia timu yake imepata pointi. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji. Mechi ina awamu tisa. Mabingwa hupatikana kwenye fainali ambayo Wamarekani wenyewe wameibatiza Fainali za Dunia, ingawa dunia haijawahi kualikwa. Anayewahi kushinda mechi nne ndiye bingwa. Hayo yanatosha.

Timu ninayotaka kuizungumzia ni Oakland A's ya California, msimu wa 1974. Hawa jamaa walikuwa mabingwa mara tatu mfululizo: 1972, 1973 na 1974. Tangu hapo, timu pekee iliyofikisha mataji matatu mfululizo ni Yankees ya New York, kuanzia 1998 hadi 2000. Sasa sikilizeni walivyoishi ndani ya nyumba yao.

Juni 1974, wakiwa ugenini Detroit, Reggie Jackson na Billy North walizichapa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Jackson ndiye aliyekuwa nyota mkubwa wa timu, mwenye nguvu na mwenye mdomo. North alikuwa mkimbiaji wao. Walikuwa wamenuniana kwa muda, na chanzo kimojawapo ni Jackson kumkaripia mwenzake kwamba hakukimbia kwa bidii baada ya kupiga mpira. Ray Fosse, mdakaji, akaingia kuamulia. Mnajua yanayompata mwamuzi wa ugomvi. Fosse aliumia shingo vibaya, akakaa nje ya uwanja sehemu kubwa ya msimu. Waliopigana wao waliendelea kucheza.

Huo haukuwa mwisho. Oktoba, Los Angeles, mkesha wa fainali dhidi ya Dodgers, Rollie Fingers na John Odom nao wakavaana. Odom alitoa utani uliogusa mambo ya nyumbani kwa Fingers, na mambo ya nyumbani kwa mtu hayataniwi. Fingers akashonwa nyuzi kichwani. Odom akategua kifundo cha mguu. Wote wawili walikuwa warushaji wa timu hiyo hiyo, na kesho yake wana mechi ya kwanza ya fainali!

Fikirieni ni timu yenu ya mtaani. Mngeweka dau?

Mechi ya kwanza Oakland wakashinda 3-2, na ushindi ukaandikwa kwa jina la Fingers, yeye na nyuzi zake. Ya pili wakapoteza 3-2. Ya tatu wakashinda 3-2 tena, ya nne 5-2. Ya tano, tarehe 17 Oktoba, mambo yalikuwa 2-2 wakati Odom alipoingizwa kumalizia awamu ya saba. Timu ilipokwenda kupiga, Joe Rudi akautwanga mpira ukatoka nje ya uwanja. Ikawa 3-2. Kwa kanuni za mchezo, mrushaji aliyekuwa kazini wakati timu yake inapata uongozi ule ndiye anayeandikiwa ushindi, kwa hiyo ukaandikwa kwa Odom. Na nani akaingia kuulinda hadi mwisho? Fingers. Ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali ile.

Jackson na North nao hawakulala. Jackson alipiga mipira 29 ya kutoka nje ya uwanja msimu ule, na North aliongoza ligi yao kwa kuiba vituo, mara 54.

Hadithi hii hupendwa sana na watu wa michezo, na huwa inasimuliwa kwa namna mbili. Wa kwanza husema, mnaona, umoja ni porojo, kinachotakiwa ni vipaji. Wa pili husema hasira zile ndizo zilizowapa moto wa kushinda. Mimi zote mbili zinanikera. Ya pili ndiyo mbaya zaidi, maana kesho kutwa kocha mmoja asiye na akili ataanza kuchonganisha wachezaji kwa makusudi. Mwulizeni Fosse kama ngumi zilimsaidia. (Hamuwezi tena, alifariki 2021, baada ya kuwatangazia mechi mashabiki wa timu hiyo hiyo kwa miaka mingi.)

Kwa mtazamo wangu, sote tumekuwa tukitazama ugomvi usio wenyewe.

Mwenye timu alikuwa Charles O. Finley, tajiri aliyetengeneza pesa zake kwa kuuza bima kwa madaktari. Shikeni hilo la bima, tutalirudia. Finley alikuwa na akili ya biashara na vituko visivyokwisha. Mwaka 1972 alimwahidi kila mchezaji dola 300 akifuga masharubu, ndiyo maana picha zao zinachekesha mpaka leo. Kijana mmoja mrushaji, Jim Hunter, alipewa na Finley jina la kambare, "Catfish", na hadithi ya kutunga ya utotoni ya kuliunga mkono. Vida Blue alipowika mwaka 1971, Finley akamtaka abadili jina la kwanza awe "True". Blue akakataa. Jina Vida lilikuwa la marehemu baba yake.

Masharubu tunacheka. Kwenye pesa hapachekeshi. Blue, baada ya kunyakua tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji bora wa ligi mwaka 1971, alidai mshahara unaolingana na kazi yake. Wakavutana mpaka msimu wa 1972 ukaanza bila yeye, na aliporudi hakuwa Blue yule: alishinda mechi 6 tu, wakati mwaka uliotangulia alishinda 24. Mwanzoni mwa 1974, wachezaji walipopata haki ya kupeleka migogoro ya mishahara kwa msuluhishi, Jackson alikuwa miongoni mwa waliompeleka Finley huko. Jackson alitaka dola 135,000, Finley alitaka kutoa 100,000. Jackson akashinda.

Halafu kuna la Mike Andrews. Hili ndilo linalonifanya niamini ninachoamini. Fainali za 1973 dhidi ya Mets, mechi ya pili, awamu ya 12. Andrews akafanya makosa mawili mfululizo, wakapoteza 10-7. Finley akapandwa na hasira, akamsukuma Andrews asaini karatasi inayosema ana jeraha la bega, ili aondolewe kwenye kikosi aingizwe mwingine. Andrews akasaini, akaenda zake nyumbani. Wale wachezaji wasiopikika chungu kimoja walifanyaje? Walibandika namba 17, namba ya Andrews, kwenye nguo zao mazoezini, wakazungumzia hata kugoma. Kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, akaamuru Andrews arudishwe. Alipoingia kupiga kwenye mechi ya nne kule New York, mashabiki wa Mets, wapinzani wao jamani, walisimama wakampigia makofi. Oakland wakachukua ubingwa, na kocha Dick Williams akajiuzulu. Ametoka kushinda mataji mawili, anaacha kazi! Nafasi yake akapewa Alvin Dark, ambaye Finley alikwisha kumfukuza mara moja mwaka 1967.

Kwa hiyo hawa si watu waliokosa umoja. Umoja walikuwa nao, ila ulionekana pale mwenzao alipodhulumiwa. Siku nyingine ilikuwa kila mtu na masharubu yake.

Na si kwamba kwenye chumba kile walimwogopa mtu. Nahodha wao, Sal Bando, alisikika msimu wa 1974 akifoka baada ya mechi kwamba Dark hawezi kuendesha hata bucha, na Dark mwenyewe alikuwa nyuma yake akisikia. Dark hakumfukuza. Wakasemezana, kazi ikaendelea. Nauliza tu, hapa kwetu nahodha akisema hivyo anafika jioni?

Sasa turudi kwenye bima. Mkataba wa Hunter kwa 1974 ulikuwa dola 100,000. Nusu yake, dola 50,000, Finley alitakiwa kuilipa kampuni ya bima ili imtunzie Hunter akiba ya baadaye. Finley alipogundua kwamba malipo ya namna ile hayatampa nafuu ya kodi mwaka ule, hakulipa. Mtu aliyetajirika kwa kuuza bima! Hunter alishinda mechi 25 msimu ule na kuwa mrushaji bora wa ligi yao, huku akidai chake. Desemba 1974, miezi miwili tu baada ya ubingwa, msuluhishi Peter Seitz akaamua kwamba mkataba umevunjwa na Hunter ni mtu huru. Mkesha wa mwaka mpya akasaini Yankees kwa miaka mitano, zaidi ya dola milioni 3.

Wenzake wote wakaona soko linavyosema. Mwaka 1975 Oakland waliongoza kundi lao kwa mara ya tano mfululizo, lakini wakatolewa na Boston mechi tatu bila. Jackson akapelekwa timu nyingine 1976. Mwaka huo huo Finley akajaribu kuwauza Rudi na Fingers kwa Boston, milioni moja kila mmoja, na Blue kwa Yankees, milioni moja na nusu. Kamishna akazuia. Msimu ulipokwisha, Rudi, Fingers, Bando, Gene Tenace na Bert Campaneris wakaondoka kama watu huru. Mwaka 1977 Oakland ilishika mkia kwenye kundi lake, nyuma ya Seattle, timu iliyoanzishwa mwaka huo huo!

Miezi minne ya ngumi haikuwabomoa. Malipo moja yasiyolipwa yalifungua mlango, wakatoka mmoja mmoja.

Kwa nini nayaandika haya? Kuna jambo linanisumbua, na ni langu mwenyewe. Nilipokuwa mpya kwenye dawati la michezo nilitumwa mazoezini kwa timu moja ambayo sitaitaja. Wachezaji wawili wakashikana mashati mbele yangu, wakarushiana ngumi mbili tatu, wakaamuliwa. Nikakimbia chumba cha habari nimejaa furaha, maana habari imekuja yenyewe. Kesho yake ikatoka na kichwa kikubwa. Nilipongezwa. Uongozi wa timu ukatoa taarifa kwamba hali kambini ni shwari, nayo tukaichapa.

Ambacho sikuandika ni maneno waliyokuwa wakirushiana. Mmoja alikuwa anamwambia mwenzake kwamba yeye ndiye msaliti, kwa sababu amelipwa peke yake. Wengine walikuwa na miezi kadhaa bila mshahara. Niliyasikia kwa masikio yangu. Niliyaacha kwa sababu kuyathibitisha kulitaka kumpigia simu mhasibu, kumwona katibu, kuomba mikataba, na mimi nilikuwa na habari tamu tayari mkononi. Wale vijana wawili walifungiwa mechi. Aliyeshika pesa hakuna aliyemwuliza, nami nikiwemo.

Bosi mmoja wa kazini aliniambia wakati ule kwamba wasomaji hawataki hesabu, wanataka ngumi. Huenda kweli. Mashabiki wa Oakland wenyewe hawakujaza uwanja kwa ngumi wala kwa vikombe: msimu wa 1974, timu ikiwa bingwa mtetezi, mahudhurio ya mechi zote za nyumbani hayakufika hata watu milioni moja. Finley alisafirisha uhondo wote duniani, mpaka akamwajiri mkimbiaji wa mbio fupi, Herb Washington, ambaye kazi yake ilikuwa kukimbia tu bila kushika rungu hata siku moja. Kwenye mechi ya pili ya fainali, awamu ya tisa, mrushaji wa Dodgers akamnasa kafa nje ya kituo chake. Watu wanamkumbuka huyo. Dola 50,000 za Hunter wanazikumbuka wanasheria.

Na timu yenyewe haipo tena Oakland. Mechi ya mwisho pale ilichezwa Septemba 2024, wakahamia Sacramento kwa muda huku wakisubiri uwanja mpya Las Vegas. Tajiri mwingine, hesabu nyingine.

Mmoja wa wale vijana wawili nimekutana naye wiki iliyopita. Ameacha mpira, anaendesha bodaboda. Alinitambua, tukasalimiana vizuri tu, hakunisema. Nilimwuliza kama walikuja kumlipa. Akacheka, akaniuliza, "Kaka, leo ndiyo unauliza?"

Nimechukua namba yake. Jumatatu nakwenda kumtafuta yule mhasibu.