Nyumba Zisizopigiwa Hodi



Najua wako watakaoniona naandika juu ya mchezo wa simu waseme: mzee huyu yamempata wapi haya? Umri wangu umeshapita sitini, nimekulia chuoni, na kalamu yangu imezoea mas-ala ya tohara na mirathi. Lakini mwalimu hawezi kusomesha watoto ikiwa hajui wanakokwenda. Na watoto wetu, kila siku baada ya Maghribi, kuna mahali wanakwenda. Miili yao iko ukumbini kwetu, wao wenyewe wako kisiwani.

Kisa chenyewe ni hiki. Ramadhani iliyopita nilimpa mjukuu wangu sahani ya futari ampelekee shangazi yangu, mtu mzima sana, anayekaa mtaa wa pili. Akarudi na sahani imefunikwa vile vile. Akaniambia, "Babu, sikuijua nyumba." Mtoto ana miaka 13, na amezaliwa mtaa huu huu! Usiku ule ule nikamsikia akiwaelekeza wenziwe katika simu: ingieni nyumba ya ghorofa kule Pochinki, silaha iko juu, kisha tokeni kwa nyuma. Hakukosea mlango hata mmoja. Pochinki ni mji uliomo katika ramani ya mchezo uitwao PUBG, ambao vijana huutamka "pabji".

Basi nikaketi naye. Nikamwambia, "Nionyeshe." Akanionyesha ramani moja baada ya moja, jioni nne. Haya ninayoyaandika nimeyatazama kwa macho yangu, na yaliyobaki nimeyauliza na kuyasoma, maana si haki mtu kukikemea asichokijua.

Mchezo wenyewe ulianza kuuzwa Machi 2017 kwa wenye kompyuta, na Machi 2018 ukaingia katika simu. Hutolewa na kampuni ya Korea ya Kusini. Aliyeubuni, Brendan Greene, mtu wa Ireland, amesema mwenyewe kwamba fikira yake ilitokana na filamu ya Kijapani ya mwaka 2000, *Battle Royale*, iliyotolewa katika kitabu cha mwaka 1999. Kisa chake ni cha watoto wa skuli wanaotupwa kisiwani na kulazimishwa kuuana mpaka abaki mmoja. Zingatia, ndugu yangu: hadithi ile ilikuwa ya kuwatisha watu wazima. Leo imegeuzwa kuwa starehe ya watoto.

Watu 100 huteremshwa kutoka katika ndege, mikono mitupu. Kila mmoja hukimbilia nyumba iliyo karibu, akatafuta bunduki, risasi na dawa. Kisha huja duara linalopungua kidogo kidogo, na asiyeingia ndani yake hudhoofika mpaka afe. Kwa hiyo hata mpenda amani hana pa kukaa, kwani ardhi yenyewe inamsukuma amwendee mwenziwe. Huweza kucheza wanne wanne, lakini mwisho ni mmoja: hubaki kundi moja, wengine wote wamekwisha.

Ramani ya kwanza ni Erangel, kisiwa cha kubuni chenye sura ya Urusi, kilomita 8 kwa 8. Jina lake limetokana na Eryn, binti wa huyo Greene. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha kuwa mbunifu alijua vizuri kwamba mahali hupata thamani kwa jina la mtu. Lakini katika kisiwa chote kile hakuna binti wala mzazi. Ipo Miramar, jangwa lenye sura ya Meksiko, iliyotoka Desemba 2017. Mji wake mmoja unaitwa Pecado, maana yake kwa Kispania ni dhambi, na ndani yake mna ukumbi wa kamari. Ipo Sanhok ya mwaka 2018, kilomita 4 kwa 4, yenye misitu na magofu kama ya Asia ya Kusini-Mashariki. Ipo Vikendi ya theluji, ambamo nyayo za mtu hubaki zikamsaliti. Ipo Taego ya mwaka 2021, iliyofanywa kwa mfano wa Korea ya miaka ya 1980.

Nikamwuliza mtoto, "Na wenyewe wako wapi?"

Akasema, "Wenyewe nani, babu?"

"Wenye nyumba. Naona vitanda, naona meza, naona mashamba. Waliolala hapa jana wako wapi?"

Akacheka kwa adabu, akasema, "Hakuna wenyewe, babu. Ni ramani tu."

Ndugu msomaji, neno hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Katika Sura ya An-Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimu wenyewe. Aya ya 28 inakwenda mbele zaidi: hata tukiwa hatukumkuta mtu, tusiingie mpaka turuhusiwe, na tukiambiwa turudi, turudi. Mtume, rehema na amani zimshukie, akatufundisha kuwa ruhusa huombwa mara tatu. Nasi watu wa pwani tumeyafunga mafunzo hayo katika neno moja, hodi. Mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kuhesabu. Hupiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, asipojibiwa hurudi. Mwenye elimu ataniambia kuwa aya ya 29 imeruhusu nyumba zisizokaliwa zenye manufaa kwetu. Kweli, nazo wafasiri wamezifananisha na nyumba za wasafiri. Lakini nyumba yenye kitanda cha mtu na meza ya mtu si nyumba ya wasafiri. Hiyo ni nyumba ambayo mwenyewe ameondolewa, nasi hatukuambiwa ni nani aliyemwondoa.

Hii ndiyo hoja yangu. Ramani zote hizo, za jangwa, za theluji na za msitu, zinasomesha somo moja: kwamba nchi za watu ni viwanja vitupu, kwamba mlango ni wa kusukumwa, na kwamba kilichomo ndani ni cha aliyefika kwanza. Mtoto akilirudia somo hilo mara elfu, usishangae akipita mlangoni kwa jirani kama apitaye ukutani.

Tazama kisiwa cha Karakin, kilichotolewa Januari 2020. Kimewekwa pwani ya Afrika ya Kaskazini, kilomita 2 kwa 2 tu, kwa watu 64. Majina yake tunayasikia kwa masikio yetu: Bahr Sahir, na *bahr* ndiyo bahari yetu, Hadiqa Nemo, na *hadiqa* ni bustani, Bashara, jina linalotukumbusha bishara. Na ni katika kisiwa hicho ndimo walimobuni jambo jipya: king'ora hulia, kisha mabomu hushuka na kubomoa majumba mpaka chini. Wallahi nilipoliona hilo niliinamisha uso. Kuna watu wa kweli, wenye majina kama hayo, waliosikia mlio huo wakiwa na watoto wao mapajani. Kwao haukuwa mchezo. Sisi tunawapa watoto wetu wautazame kutoka upande wa yule asiyekuwa na mtu ndani ya nyumba ile.

Na katika Erangel mna mji uitwao Yasnaya Polyana. Jina hilo si la kubuni. Ni pahali katika Urusi alipozaliwa mwandishi Leo Tolstoy mwaka 1828, na ndipo alipozikwa mwaka 1910. Mtu huyo uzeeni mwake alipinga vita na uuaji wa kila namna. Mwaka 1904 Sheikh Muhammad Abduh, Mufti wa Misri, alimwandikia barua ya kumheshimu, naye akamjibu. Leo jina la pahali lilipo kaburi lake ni jina la pahali pa kuokotea bunduki. Mtoto anajua silaha ziko wapi, lakini hajui nani amelala pale. Ndivyo ramani isiyo na watu inavyofanya: huchukua jina, ikawaacha wenye jina.

Wako watakaosema, "Sheikh, mchezo ni mchezo. Hata bao ni vita." Naam, na mimi bao nimelicheza. Lakini bao letu lina shimo liitwalo nyumba, na nyumba hiyo ina mwenyewe na ina sheria zake. Mwenyewe ameketi mbele yako, unamwona uso, na akishindwa mnakunywa kahawa pamoja. Wala sisemi kwamba kila mwenye kucheza PUBG atakuwa muuaji. Kusema hivyo ni kuongopa, na dini haitetewi kwa uwongo.

Wako tena watakaosema, "Basi upigwe marufuku." Bunge la Iraki liliupiga marufuku Aprili 2019, Baraza la Ulamaa la Aceh, Indonesia, likautolea fatwa ya kuuharimisha Juni mwaka ule ule, Jordani nayo ikaufungia Julai. Siwalaumu. Lakini mtoto akinyang'anywa ramani ile bila kupewa nyingine atatafuta ya tatu.

Na sisi wenyewe tumekuwa vipi? Juni 2020, katika ramani ya Sanhok, iliingizwa namna mpya ya kucheza ambamo sura ya mchezaji huinama mbele ya sanamu ili ipewe nguvu. Waislamu katika nchi za Kiarabu wakapiga kelele, na wenye mchezo wakaomba radhi wakakiondoa kitendo hicho. Kelele hizo zilikuwa za haki, kwani shirki si jambo la mzaha. Lakini nauliza: mbona tuliona sanamu moja tusione nyumba zote zile? Heshima ya nyumba ya mtu, mali yake na damu yake, si dini?

Lawama hii naianzia kwangu. Simu ile aliyekuwa nayo mjukuu wangu nilimnunulia mimi, ili anyamaze nipate kusoma. Miaka 13 sikumshika mkono hata siku moja nikamwambia: hii ni nyumba ya fulani, hapa alikaa mwalimu wangu, hapa pana kisima, hapa pana makaburi ya wazee wako. Wageni walimchorea ramani wakaijaza bunduki. Mimi sikumchorea hata mstari. Basi ni nani mwenye kosa kubwa?

Enyi wazee wenzangu, fanyeni mawili. La kwanza, mketi na mtoto mbele ya ramani yake, mumwulize maswali matatu: Nani alikaa hapa? Amekwenda wapi? Nani aliyekupa ruhusa ya kuingia? Msimgombeze, mwacheni afikiri. La pili, mtoeni nje. Baada ya Alasiri mzunguke naye mtaa wenu, nyumba kwa nyumba, na kila mlango apige hodi yeye mwenyewe, angoje, asalimu, aulizwe ni mtoto wa nani.

Mimi nimeanza. Juma la kwanza tulikwenda kwa shangazi yangu, na sahani ikafika. Alipiga hodi mara moja, akataka kusukuma mlango. Nikamzuia mkono. Akapiga ya pili. Ya tatu ikajibiwa kutoka ndani kwa sauti ya kikongwe, "Karibu, nani mwenzangu?" Mtoto akanitazama, hakujua ajibu nini, kwa kuwa katika ramani zake zote hakuna mlango uliowahi kumwuliza swali hilo.

Wabillahi tawfiq.