Divai nyekundu ya wasichana waliokosa kazi



Siku ya posho iliyopita tulikuwa kwenye arusi ya binti wa mmoja wetu. Juu ya meza ya wakwe kulikuwa chupa ya divai nyekundu, zawadi ya ndugu anayeishi Ulaya. Kwenye karatasi yake kuliandikwa Brunello di Montalcino. Shemeji mmoja akaichukua, akaizungusha mkononi, akasema divai ya namna hii ni mambo ya wanaume: wanaume wanaitengeneza, wanaume wanaionja, mama wanaleta glasi. Tulicheka, tukaleta glasi. Lakini neno lile lilitukaa rohoni, na juma hili tumelifuata mpaka kwenye shamba lenyewe. Shemeji atusamehe.

Montalcino ni mji mdogo juu ya kilima katika jimbo la Toscana, Italia, upande wa kusini wa mji wa Siena. Brunello inatoka kwa zabibu za namna moja tu, zinazoitwa Sangiovese, na hairuhusiwi kuzichanganya na nyingine. Jamaa ya Biondi Santi ndiyo iliyoijulisha kwa watu katika karne ya 19. Mwaka 1980 Italia iliiweka katika daraja la juu kabisa la divai zake. Kwa hiyo shemeji hakukosea kuishika chupa kwa heshima.

Tueleze kidogo kazi yenyewe, maana mama aliyewahi kukamua kasiksi ataielewa upesi. Zabibu huiva mwezi wa tisa na wa kumi. Zinachumwa, zinaondolewa vijiti, zinapasuliwa, na maji yake yanaachwa pamoja na maganda. Rangi nyekundu inatoka kwenye maganda hayo. Maji ya zabibu nyingi nyekundu, ukiyakamua peke yake, ni meupe tu. Kisha yanaanza kuchachuka, na maganda yanapanda juu kama povu la chungu. Hapo mtu hapaswi kulala fofofo. Kila siku anayarudisha maganda chini au kuyamwagia ile divai changa, anapima joto, anaonja, ananusa. Akichelewa, inaharibika. Akifanya haraka, inakuwa nyepesi, haina nguvu. Mama anayejua kwa harufu tu kwamba pombe ya ndizi imefika hatahitaji mwalimu hapo.

Baadaye divai inaingia katika mapipa ya mbao na kukaa humo si chini ya miaka 2. Halafu inapumzika ndani ya chupa. Sheria ya Brunello ni kali: zabibu zilizochumwa mwaka 1998, divai yake haikuruhusiwa kuuzwa mbele ya Januari 2003. Tuhesabu pamoja. Kwa miaka hiyo yote unalipa wafanyakazi, unanunua mapipa, unapalilia shamba, na mavuno ya kwanza hayajakurudishia hata senti. Sisi katika likelemba tunahangaika kungoja zamu ya mwezi wa sita! Hii ni kazi ya mwenye mtaji, tusidanganyane.

Sasa tufike kwenye neno la shemeji. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu wanawake hawakutakiwa katika ghala za divai. Shambani walikuwa wanachuma na kufunga matawi, lakini ghalani, mahali divai inapotengenezwa, mlango ulikuwa wa wanaume. Mapipa ni mazito, walisema. Kulikuwa pia imani ya zamani sana. Plinius, mwandishi wa Roma aliyeishi miaka karibu 2000 iliyopita, aliandika kwamba mwanamke aliye katika siku zake akikaribia divai mpya, itageuka siki. Tuliposoma hayo tulitazamana. Wengi wetu tuliambiwa tukiwa wasichana kwamba siku hizo tusipite katika shamba la maboga. Kumbe hata Wazungu walikuwa na maboga yao.

Mwaka 1998, mama mmoja wa Montalcino aitwaye Donatella Cinelli Colombini aliacha kampani ya jamaa yake. Jamaa hiyo ilikuwa imetengeneza divai tangu siku nyingi, na mama yake mzazi, Francesca, alikuwa na jina kubwa katika Brunello. Donatella alikuwa amesomea historia ya sanaa, si divai. Tena hakuwa mtu wa kukaa kimya: mwaka 1993 ndiye aliyeanzisha siku ya kufungulia wageni milango ya ghala za divai, desturi ambayo leo inafanyika Italia yote mwishoni mwa mwezi wa tano. Alipoanza kazi yake mwenyewe alikuwa na mali mbili za jamaa: Casato, huko Montalcino, na Fattoria del Colle, huko Trequanda, mahali wageni wanalala, wanakula na kutembezwa.

Alihitaji mkuu wa ghala. Akauliza masomo yanayofundisha kazi ya divai huko Siena wampatie mwanafunzi mwema. Akajibiwa kwamba vijana wanaume wazuri wamekwisha kuombwa, lazima angoje kwa zamu. Akauliza tena: na wasichana? Wasichana walikuwapo, tena wenye alama nzuri, bila kungoja, kwa sababu ghala kubwa hazikuwataka.

Hapo tulisimama kusoma. Hao wasichana walikuwa wamesoma. Wazazi walikuwa wamelipa, walimu walikuwa wamefundisha, mitihani ilikuwa imepita. Kilichobaki ni mtu mmoja wa kuuliza kama wapo. Ni wamama wangapi kati yetu wana binti aliyemaliza ufundi wa kuchomelea vyuma au umeme, na sasa anauza mkate kando ya barabara, huku mwenye karakana akilalamika kwamba hapati watu?

Donatella akawachukua. Casato ikapewa jina Casato Prime Donne, maana yake wanawake wa kwanza, na ikawa ghala ya kwanza Italia yenye kazi yote mikononi mwa wanawake. Akaongeza jambo moja tunalolipenda zaidi: Brunello yao iitwayo Prime Donne huchaguliwa na wanawake wane, waonjaji wenye ujuzi kutoka nchi mbalimbali. Kwa hiyo wanawake wanaitengeneza, na wanawake wanaionja kabla ya mwanaume yeyote kushika glasi.

Mmoja wetu alipinga. Alisema hii ni biashara tu, jina «wanawake» linauza chupa. Inawezekana, na chupa za Brunello si za bei rahisi. Lakini tulimjibu kwamba mishahara ya wale wasichana ilikuwa ya kweli. Jina zuri peke yake lisingeweza kuvumilia miaka zaidi ya 4 ya kungoja. Divai ingekuwa mbaya, wanunuzi wangeondoka.

Linalotusumbua sisi ni jambo lingine. Donatella aliweza kuwafungulia wasichana mlango kwa sababu mlango ulikuwa wake. Alipata sehemu ya mali ya jamaa naye ni binti. Kwetu Kongo, sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haitofautishi mtoto mwanamume na mwanamke katika urithi. Lakini tunajua yanayotendeka kilioni: baba akiisha kuzikwa, wajomba na kaka wanakaa, na binti anaambiwa shamba lake liko kwa mume wake. Hatujaona huko kwa mume akipewa pia. Mama mwenye jambo la namna hii asikae nalo peke yake. Alilete katika mkutano wetu mbele ya kuweka kidole kwenye karatasi yoyote.

Italia wanawake wa divai nao wana shirika lao, Le Donne del Vino, lililoanza mwaka 1988. Lina wenye mashamba, watengenezaji, wauzaji na wenye mikahawa, zaidi ya 1000. Donatella alichaguliwa kuliongoza mwaka 2016. Na binti yake, Violante, naye ameingia katika kazi ya divai za mama yake.

Kwa wanaouliza kuhusu kunywa: Brunello ina nguvu, mara nyingi asilimia 13 au 14 ya pombe, zaidi ya mara mbili ya bia ya kawaida. Mwenye mimba asiiguse, hata kidogo cha arusini, na mtoto asionjeshwe.

Ile chupa ya arusi tulirudi kuiangalia. Ilikuwa tupu, na haikutoka Casato bali kwa jirani zao wa Montalcino. Mama wa bibi arusi ameiosha, anawekea mafuta ya mawese. Shemeji tumemtumia nakala ya gazeti hili.