SAMAKI WETU, MBOGA ZETU: NANI ATUZUIAYE?



Mkoa wetu wa Ruvuma ni ghala la mahindi la taifa. Kila mwaka malori hupakia magunia na kwenda zake. Lakini uchunguzi wa lishe wa taifa wa 2018 ulikuta kwamba watoto 41 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani humu wamedumaa. Aibu hii ni ya nani? Tumbo limejaa ugali, mwili unalilia kitoweo!

Dawa tunaikanyaga kwa miguu. Samaki na mboga hufaana. Samaki hula na kuchafua maji, vijidudu visivyoonekana kwa macho huugeuza uchafu ule kuwa mbolea, mboga huifyonza. Wenye fedha hujenga matangi na kuzungusha maji kwa pampu usiku na mchana. Umeme ukikatika, samaki hufa. Sasa wako watu wanaotuambia ati bila mitambo hiyo hatuwezi kitu. Uongo! Nchi yetu ni ya vilima na vijito. Chimba bwawa juu, lima bustani chini. Maji yatashuka yenyewe bila kudai hata senti moja. Wamatengo walikwisha kuyatiisha maji ya mteremko kwa ngoro zao, wala hawakungoja semina.

Wako pia wasemao: "Mabwawa yalijaribiwa, yakashindwa." Kweli. Majaribio ya kufuga sato yalianza 1949 huko Korogwe na Malya. Kufikia 1968 nchi ilikuwa na mabwawa yapata 8,000, na mengi hayakutoa kitu cha maana. Je, ni kwa sababu Mwafrika hawezi kufuga samaki? La hasha! Ni utunzaji mbaya, ujuzi haba na ukame. Nami nimeliona kwa macho yangu bwawa la shule lililofunguliwa kwa ngoma na hotuba. Leo ni magugu matupu.

Tusiwalaumu wengine tu. Sisi wa matawi ni hodari wa mikutano, wavivu wa jembe. Kituo cha serikali cha Ruhila, cha ufugaji wa samaki, kipo hapa hapa Songea. Ni wangapi kati yetu waliokwenda kuuliza? Tuulize habari za vifaranga madume watupu, maana sato wakichanganywa huzaana ovyo hata bwawa zima likadumaa. Wala tusidanganyane: baridi ya Juni na Julai hupunguza ulaji wa samaki. Basi tuchimbe wakati wa baridi, tupandikize ikiisha.

Kila tawi lichimbe bwawa moja na bustani chini yake. Lichague watu wa zamu ya kulisha, liweke daftari la hesabu, na mavuno ya kwanza yaliwe na watoto. Asiye na jembe aje na mikono yake. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Uhuru na Kazi!