Mwalimu Asiyetaka Kuulizwa

Mwalimu wa uongo haji kwetu akiitukana Biblia, huja ameikumbatia. Basi tutamtambuaje? Mwulizeni swali.

Paulo alipohubiri Beroya, wenyeji walichunguza Maandiko kila siku wapate kujua kama asemayo ni kweli, na Luka awasifu kwa hayo. Ikiwa Mtume mwenyewe alipimwa, ni nani leo aliye mkuu hata asipimwe?

Tazameni Kanungu, katika Uganda. Viongozi walitangaza kwamba dunia itakwisha mwishoni mwa mwaka 1999. Wafuasi wakauza mali zao, wakazuiwa hata kusemezana, wakawa wakiashiriana kwa mikono. Siku ile ilipopita, ikatajwa nyingine. Na tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo lililofungwa. Tena mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kenya, ilianza kufukuliwa miili, ikapita 400, na ya watoto imo. Walifundishwa kwamba kufunga hata kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu.

Wako wasemao, "Wale walikuwa wajinga." Sivyo, wasomi pia walikuwamo. Walichonyimwa ni ruhusa ya kuuliza.

Basi sisi walimu, mwanafunzi akiuliza katika mafundisho ya ubatizo, tusimkaripie. Tukimzoeza kunyamaza mbele yetu, atanyamaza na mbele ya mbwa-mwitu. Kukesha si kufumbua macho tu. Ni kufumbua kinywa pia.